Begi la milimani na mchezo wa jioni kwa wapwa wanne wanaokuja Kigoma

Swali: Naishi Mwanga, Kigoma Mjini. Likizo ya Juni wapwa zangu wanne, wa miaka 13 hadi 16, wanakuja kwangu, wawili kutoka Dar es Salaam na wawili kutoka Tabora. Nataka kuwatembeza milimani na ikiwezekana tulale huko usiku mmoja. Shemeji amenitumia picha ya begi la lita 70, anasema ninunue manne ya namna hiyo yawafae hadi ukubwani. Halafu jioni nataka simu zikae pembeni. Nimesikia kuna michezo ya mezani ambayo kila mtu anakuwa mhusika ndani ya hadithi, ila sijawahi kuicheza. Ninunue begi gani, na huo mchezo nianze nao vipi?

Jibu: Ndugu yangu, mabegi ya lita 70 usiyanunue. Shemeji anawaza ukubwani, lakini mlima mnapanda Juni hii, na mmoja wa watakaobeba ni mtoto wa miaka 13. Begi la ukubwa huo limetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima anayekaa porini siku nne au tano akiwa na hema, jiko na chakula chake chote. Likiwa tupu mara nyingi lina kilo 2 au zaidi. Tena kijana haachi nafasi tupu. Ukimpa lita 70 atazijaza jinzi mbili, raba za kubadilisha, spika na soda. Akishindwa kuzijaza, vitu vitacheza ndani na kumvuta nyuma kila anapoinamia kilima. Kwa kulala usiku mmoja, lita 30 hadi 40 zinatosha kabisa. Kwa matembezi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lita 20 hadi 25.

Lita zenyewe, hata hivyo, ni jambo la pili. La kwanza ni uzito. Kanuni inayotumiwa na waongozaji wengi wa matembezi ni kwamba mtu mzima mwenye afya na mazoezi asibebe zaidi ya moja ya tano ya uzito wa mwili wake. Kwa kijana ambaye mifupa bado inakua mimi nasimama kwenye asilimia 15, na yule wa miaka 13 kama ni mwembamba nashuka hadi 10. Chukua kijana wa kilo 45: mwisho wake ni kilo 6.75. Begi lenyewe kilo 1.2. Maji lita 2 ni kilo 2, hapo hakuna ujanja. Begi jepesi la kulalia au blanketi, kilo 1.2. Sweta na koti la mvua, nusu kilo. Chakula, kilo moja. Mkeka wa sponji, gramu 400. Tochi, filimbi, mswaki, daftari na vikorokoro vingine, gramu 400. Jumla ni kilo 6.7. Umeona mwenyewe kwamba jinzi ya pili haina mahali. Hema na sufuria ubebe wewe, na yule wa miaka 16 akusaidie kama mwili wake unaruhusu.

Blanketi usilipunguze. Ukikaa huku chini ziwani ni rahisi kudhani Kigoma haijui baridi. Ziwa lenyewe liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, lakini ukipanda upande wa Kalinzi, kwenye mashamba ya kahawa, umefika karibu mara mbili ya kimo hicho. Juni mbingu hazina mawingu, joto la mchana linapotea usiku, na kuanzia saa tisa mtoto wa Dar atajua kwamba shuka la kujifunika nyumbani halikuwa wazo zuri.

Sasa begi lenyewe, na hapa naomba utulie kidogo, maana wengi hupima mtoto kwa macho wakakosea. Urefu wa mtu haukuambii urefu wa mgongo wake. Vijana wawili wa sentimita 160 wanaweza kuachana vibaya, mmoja miguu mirefu na mgongo mfupi, mwingine kinyume chake. Chukua futi kamba ya fundi cherehani. Mwambie kijana ainamishe kichwa, papasa nyuma ya shingo mpaka upate ule mfupa uliochomoza kuliko mingine, pale shingo inapokutana na mabega. Hapo ndipo unapoanzia. Kisha ashike kiuno, viganja vikae juu ya mifupa ya nyonga na dole gumba zielekee nyuma. Vuta mstari wa kufikirika kati ya dole gumba mbili. Shusha futi kamba kutoka kwenye ule mfupa hadi kwenye mstari, ukifuata mgongo ulivyopinda. Wa umri huo wengi wao huangukia kati ya sentimita 38 na 46. Waandikie kila mmoja namba yake, uende nayo sokoni.

Kwenye begi unapima kutoka pale mikanda ya mabega inapoota hadi katikati ya mkanda wa kiuno. Namba mbili zikikaribiana, begi linamfaa. Likiwa refu kuliko mgongo, mkanda wa kiuno utashuka kwenye makalio na mabega yatabeba kila kitu. Likiwa fupi, mkanda utambana tumbo. Ukipata lenye mgongo unaopandishwa na kushushwa, lile ambalo mikanda ya mabega inahamishwa kwa ngazi za vitambaa vinavyonatana, lichukue hata kama limepauka. Hilo ndilo litakalomfaa hadi ukubwani kama shemeji anavyotaka.

Mkanda wa kiuno usikubali ukosekane. Begi likikaa sawasawa, sehemu kubwa ya mzigo inatua kwenye nyonga, ambako kuna mifupa na misuli ya miguu ya kuupokea, na mabega yanabaki na kazi ya kuzuia begi lisianguke nyuma. Mkanda uwe mpana na wenye sponji. Ule mwembamba kama mshipi wa suruali unasaidia begi lisiyumbe tu, haubebi. Kwa matembezi ya mchana yenye mzigo usiozidi kilo 4, begi zuri la shule linatosha, usiingie gharama.

Mimi ningekushauri uanzie kwenye mitumba kabla ya dukani. Mabegi mengi ya dukani yenye sura ya milimani yana mifuko mingi na kamba nyingi za mapambo, lakini mgongoni ni kitambaa kitupu. Kwenye mitumba utakutana na mabegi ya kweli ambayo mwenye nayo aliyatumia kidogo akayachoka. Ila yakague. Chungulia ndani kwanza: kuna utando mwembamba wa kuzuia maji umepakwa kwenye kitambaa. Ukiukuta unabanduka vipande vipande au unanata vidoleni, liache, huo umeoza na utaendelea kupukutika kwenye nguo na chakula. Shika mkanda wa bega kwa mkono mmoja na begi kwa mwingine, vuta kwa nguvu zako, sikiliza kama uzi unalia. Zipu zipitishe zikiwa zimepinda kwenye kona, maana zikinyooka zote hujifanya nzima. Vifungo vya plastiki vifunge na kuvuta, uangalie nyufa nyeupe. Bonyeza sponji; ikibaki na shimo imekufa. Mwisho papasa sehemu ya mgongo usikie kama ndani kuna vipande vya alumini au ubao mgumu wa plastiki. Visipokuwepo, mzigo utajikunja na kuwa mpira mgongoni.

Yapo yanayotengenezeka. Mshono wa bega uliolegea fundi anaurudia kwa uzi wa nailoni, aende na kurudi mara kadhaa pale pale. Kifungo kilichovunjika kinanunuliwa. Hata mkanda wa kiuno fundi mzuri wa mabegi anaweza kuushona upya kwa sponji ngumu na utepe wa nailoni. Utando uliooza na kitambaa kilichochanikia kwenye mkunjo wa mgongo usihangaike navyo.

Ukimaliza kununua, usisubiri siku ya safari. Tia ndani chupa nne za maji za lita moja na nusu, hizo ni kilo 6, uzizungushie shuka zisigongane, kisha kila mtoto apande kilima cha karibu nusu saa na kurudi. Wakati wa kuvaa, legeza mikanda yote kwanza. Funga mkanda wa kiuno juu ya mifupa ya nyonga na uukaze. Ndipo uvute mikanda ya mabega mpaka ilale bila pengo, halafu ile midogo ya juu inayovuta kichwa cha begi karibu na mgongo, na mwisho mkanda wa kifua, usimbane pumzi. Vijana huanza na mabega kwa sababu ndivyo wanavyovaa begi la shule, wakafunga kiuno kama nyongeza. Warudishe kwenye utaratibu mpaka mikono izoee. Akirudi na wekundu juu ya nyonga, begi limekaa panapotakiwa na linahitaji kurekebishwa kidogo tu. Wekundu ukiwa mabegani na nyonga safi, mkanda wa kiuno haufanyi kazi.

Kupanga ndani ni kifupi. Blanketi chini, vizito katikati vikigusa mgongo, yaani maji na chakula, vyepesi kuvizunguka, na koti la mvua juu kabisa. Visining'inie vikombe wala kandambili nje. Mfuko wa kuzuia maji uwe ndani ya begi, maana mvua huingia kwa kufuata mishono. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo nunua nailoni nzito ya shambani, fundi akushonee mifuko minne inayokunjwa mdomo. Juni hamtegemei mvua, lakini mkipanda boti, maji ya ziwa yatawaruka.

Na kama mnafikiria boti kwenda Gombe, zinaondokea Kibirizi. Hifadhi ile ilikuwa pori la akiba tangu 1943 na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mabonde yake yanapanda kutoka ufukweni hadi matuta yanayozidi mita 1,500, hivyo ni mazoezi ya kutosha kwa begi lolote. Mtatembea na mwongozaji wa hifadhi, mtalala mahali mtakapopangiwa, na kwa kuwaona sokwe mtu kuna masharti ya umri. Ulizia kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla hujawaahidi watoto. Vyakula vikae ndani ya begi lililofungwa zipu. Nyani wa ufukweni wanajua mfuko wa mkononi una nini kuliko wewe uliyeubeba.

Tuje kwenye jioni.

Michezo unayoisikia ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, ambao mpaka leo ndio unaojulikana kuliko yote. Ukifungua vitabu vyake utakuta mamia ya kurasa za Kiingereza, mazimwi, ngome za Ulaya, na dadu za pande 4, 8, 10, 12 na 20. Kanuni zake za msingi zinapatikana bure kwenye intaneti, na kijana akinogewa atazitafuta mwenyewe. Wewe usianzie hapo. Kiini cha mchezo ni kidogo sana. Mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza walipo na kinachotokea, kisha anauliza, "Unafanya nini?" Jambo lisilo na uhakika likitokea, dadu inaamua. Watoto waliokulia kwenye "Hadithi, hadithi!" na kuitikia "Hadithi njoo!" wana nusu ya mchezo tayari. Ni kama bibi anasimulia, ila hapa mjukuu anaruhusiwa kumkatiza na kusema sungura apite njia nyingine, na bibi analazimika kupita huko.

Vifaa ni dadu mbili za ludo, penseli na daftari. Kila mhusika ana sifa nne: nguvu, wepesi, akili na kauli. Mwenyewe anachagua ipi apate 2, ipi 1, ipi 0, na ipi aikatie 1. Akijaribu jambo gumu anarusha dadu mbili, anajumlisha, anaongeza sifa inayohusika. Ikifika 10 au zaidi, amefaulu vizuri. Ikiwa 7 hadi 9, amefaulu lakini kuna gharama. Ikiwa 6 au chini, mambo yameharibika na wewe ndiye unayesema yameharibikaje.

Mpangilio huo wa ngazi tatu unatumiwa na michezo mingi ya siku hizi, na naupenda kwa sababu ya hesabu yake. Dadu mbili zina matokeo 36. Mwenye 2 ya wepesi ana nafasi 15 za kufaulu vizuri, 15 za kufaulu kwa gharama, na 6 tu za kuharibu. Mwenye 0 ni kinyume: 6, 15 na 15. Aliyekatiwa 1 ana nafasi 21 kati ya 36 za kuharibu, yaani zaidi ya nusu. Vijana wakiliona hilo wanaanza wenyewe kugawana kazi, huyu aongee na mlinzi, yule apande ukuta, bila wewe kuwahubiria ushirikiano. Na ile ngazi ya katikati, ya kufaulu kwa gharama, ndiyo inayozaa hadithi. Usiipitie haraka.

Kisha kila mhusika ana begi lenye nafasi sita. Anaandika vitu sita, basi. Kitu kisichoandikwa hakipo, hata kama ni kiberiti. Kwa watoto ambao mchana wameshindana na mizani kuhusu jinzi ya pili, kanuni hii haihitaji maelezo. Hata ningekushauri usiku wa kabla ya safari wacheze kwanza, kesho yake ndio wafungashe mabegi ya kweli. Aliyekwama shimoni kwenye hadithi kwa kukosa kamba hufungasha kwa akili zaidi.

Hadithi yenyewe usiikope Ulaya, unayo hapo bandarini. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande hadi Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kabla ya hapo wakazipaka mashine grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tulilolizoea. Hiyo ni historia. Sasa wewe ubuni: ni Kigoma ya mwaka 1924, meli imeibuliwa, na sanduku moja lililotolewa ndani yake limetoweka usiku kabla halijafunguliwa. Wahusika ni vijana wa pale pale: mtoto wa mvuvi, kibarua wa reli, msaidizi wa mpishi, mpiga kasia wa Ujiji. Muundo wa hadithi ni sehemu tatu tu, ufukweni, stesheni na sokoni Ujiji, na kila mahali pana mtu mmoja anayejua kitu kimoja. Andika hayo kwenye ukurasa mmoja. Kilichomo ndani ya sanduku usikiandike. Sikiliza wanachokisia, ukikipenda kimoja kuliko chako kichukue. Mwisho wa mchezo waambie kipi ni kweli na kipi umetunga, wasije wakajibia mtihani.

Usianze kwa kueleza kanuni. Anza katikati ya jambo, kanuni zitaingia zinapohitajika. Itakwenda hivi:

"Mlinzi amelala mlangoni mwa banda. Funguo ziko kiunoni mwake. Mnafanya nini?"

"Nazichomoa."

"Pete ya funguo imebana kwenye mshipi. Una nini kwenye begi lako?"

"Kamba, mshumaa, dagaa, kisu, kofia, sabuni. Sabuni! Naipaka ile pete."

"Haya, rusha, uongeze wepesi."

Anapata 6 na wepesi wake ni 2. Jumla 8.

"Funguo zimetoka. Lakini sabuni imekuponyoka, imedondoka kando ya mguu wa mlinzi, na asubuhi ataiona."

Hapo ameshinda, na papo hapo kuna tatizo la kesho. Angalia pia kwamba hukumwambia "huwezi" wala "unaweza". Umemuuliza ana nini, akatafuta mwenyewe.

Vitendawili vitumie pia. Sokoni Ujiji muweke mzee asiyetoa habari mpaka atege na kuteguliwa. "Kitendawili!" Wote, "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wakijibu yai, anasema aliyemwona na sanduku. Wakishindwa, anadai kama ilivyo desturi, "Nipe mji." Hapa ndipo nafurahia. Mji wanaompa unafungwa kwao usiku ule, hawawezi kuingia wala kupata msaada huko. Watampa Mombasa. Mzee akatae, Mombasa nitaenda lini, nipe wa karibu. Utaona wanavyokaa chini kujadiliana kama watoe Uvinza au stesheni ya Kigoma, wakipima wanakohitaji kupita. Wale wa Tabora lazima watagoma Tabora isitolewe.

Kwa umri huo mambo mawili yanataka jicho lako. Moja ni mwenye sauti. Wanne wakikaa pamoja kuna mmoja atajibu kwa niaba ya wote. Usimgombeze, elekeza swali kwa jina la mhusika: "Mpiga kasia, wewe uko nje, unasikia nini?" Mkimya ukimwuliza anachosikia au anachonusa hujibu upesi kuliko ukimwuliza anachofanya, kwa sababu hakuna jibu la makosa. La pili ni mambo yanayouma. Kabla ya kuanza, waambie kwamba yeyote akiona hadithi inaelekea mahali asipopataka agonge meza mara mbili, na mtapageuza bila kuulizana sababu. Mtoto aliyefiwa hapaswi kukueleza kwa nini hataki mazishi kwenye mchezo. Na mhusika wa mtoto usimuue jioni za mwanzo. Mnyang'anye begi, mfungie stoo, mpoteze njia ya Malagarasi, hayo yanatosha kumtia hofu.

Lugha waachie. Wa Dar ataongea Kiswahili chake cha mjini, na akimwita mlinzi wa 1924 "mwanangu", acha aende nalo. Ukianza kusahihisha maneno umegeuza jioni kuwa darasa. Dakika 90 zinatosha kwa kikao kimoja. Zikizidi, wa miaka 13 anasinzia na wa 16 anakumbuka simu.

Huyo wa 16, kwa njia, huenda akajiona mkubwa kwa hadithi. Jioni ya pili mpe usimulizi. Mwachie ukurasa wako mmoja, aendelee kutoka mlipoishia, na wewe uchukue mhusika ukae chini yake. Akikwama mwulize swali badala ya kumwokoa: "Mzee wa sokoni anataka nini hasa?" Mkiwa mlimani rusheni dadu ndani ya sufuria, maana kwenye nyasi na mwanga wa tochi zinapotea mara moja.

Limebaki la wazazi, nalo usilidharau. Ongea na dada zako kabla. Miaka ya 1980 huko Marekani yalikuwepo makundi ya dini yaliyouhusisha Dungeons & Dragons na ushetani, na tuhuma hizo bado zinazunguka kwenye simu za watu. Mtoto akipiga simu nyumbani kusema "jana mjomba alinifanya mchawi", utakuwa na kazi ya kujieleza. Hadithi ya Liemba haina jini wala mganga, na ndiyo sababu moja ya kuichagua. Mzazi aliye karibu mkaribishe aketi asikilize robo saa. Hakuna maelezo yanayomaliza wasiwasi kama kuona.

Dadu nazo zina jina la kamari. Weka wazi kwamba hapashindaniwi senti wala soda. Kuna familia za Kiislamu ambazo hazitaki dadu ziingie nyumbani kabisa, hata bila fedha, na msimamo huo uheshimu bila mabishano. Andika 1 hadi 6 kwenye vikaratasi sita, vikunje, vitie kwenye kofia. Mchezaji anachota kimoja, anakisoma, anakirudisha, anatikisa, anachota tena, kisha anajumlisha. Nafasi ni zilezile za dadu mbili, mradi cha kwanza kirudishwe kabla ya kuchota cha pili.